Mfupa Chini ya Nyuzi: Kiegemeo Kipya cha Gitaa Kavu Hai Malakal

Katika gitaa kavu, yaani gitaa linalopaza sauti kwa ubao wake na uwazi wa tumbo lake bila msaada wa umeme, kiungo kinachosahauliwa upesi kuliko vyote ni kile kipande chembamba, cheupe mara nyingi, kilichochomekwa kwenye mfereji wa daraja, ambacho nyuzi zote sita hupita juu yake kabla ya kufika zinakofungiwa. Daraja lenyewe ni kipande cha mti kilichobandikwa kwa gundi juu ya ubao wa mbele. Kipande hicho cheupe, ambacho hapa kitaitwa kiegemeo, kwa kawaida hakibandikwi, bali hushikwa na mfereji pamoja na mkandamizo wa nyuzi tu, na ndiyo sababu kinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtu yeyote mwenye subira, tupa na karatasi chache za msasa. Mtikisiko wa uzi huufikia ubao hasa kwa kupitia hapo. Kimo cha nyuzi juu ya shingo huamuliwa kwa sehemu kubwa hapo, na urefu wa uzi unaotikisika, ambao ndio unaofanya noti itoke sahihi au ipotoke, nao huishia hapo hapo.

Wazo lenyewe si geni kwa watu wa bonde la Nile na nchi za maziwa. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, ina daraja dogo linalokaa juu ya ngozi na kuipelekea ngozi hiyo mtikisiko wa nyuzi, ilhali endongo ya Waganda haina daraja kabisa, kwa hiyo nyuzi zake huigusa ngozi ya kenge na kutoa ule mvumo wa kukwaruza ambao wapenzi wake huutafuta kwa makusudi. Mpiga gitaa hutaka kinyume chake: kila uzi utikisike huru, usiguse kitu chochote kati ya kidole chake na kiegemeo. Tofauti kati ya nyatiti na endongo huonyesha waziwazi kwamba pale uzi unapopumzika ndipo tabia ya sauti inapoundwa, na kwamba kipande chenye upana wa milimita tatu hivi kinastahili kutazamwa kwa makini kama unavyotazamwa mti wa ala nzima.

Hai Malakal ni mtaa wa Juba unaobeba jina la mji ulioko mbali kaskazini, kwenye ukingo wa Nile Nyeupe, na kama mitaa mingine ya jiji hilo una wakazi wengi waliokulia nje ya nchi, katika kambi na miji ya Uganda na Kenya, kisha wakarejea baada ya mkataba wa amani wa 2005 au baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011. Kiswahili kilirudi nao, kikakaa kando ya Kiarabu cha Juba, na mwaka 2016 Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki lugha hiyo ilikuwa tayari ina wasemaji wake sokoni na makanisani. Magitaa nayo yalirudi pamoja na waimbaji wa kwaya na vijana wa nyimbo za ibada, katika jiji ambalo tangu miaka ya 1970 lilikuwa na bendi zake za kupiga rumba, zikiwamo Skylarks na Rejaf Jazz. Bidhaa nyingi za dukani hufika Juba kwa malori kutoka Uganda, kupitia barabara ya Nimule yenye kilomita 192, iliyokamilishwa kuwekwa lami mwaka 2012, na gitaa la bei nafuu linalosafiri kwa njia hiyo hufika na kiegemeo cha plastiki kilichomiminwa kiwandani kwa kipimo kimoja cha magitaa yote, bila kujali shingo ya hili au ya lile.

Plastiki hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ambayo wenye magitaa huyaelekeza kwingine. Ni laini, na uzi wa chuma uliosokotwa huikata taratibu hadi ukajichimbia kijito, kisha uzi ukaanza kulia kama nzi ndani ya kijito hicho; hunyonya sehemu ya mtikisiko uliopaswa kufika kwenye ubao; na mara nyingine huwa nyembamba kuliko mfereji wake, ikainama mbele kwa mvuto wa nyuzi. Mvuto huo si mdogo. Nyuzi sita za chuma za unene mwepesi, zikikazwa hadi sauti zake za kawaida, huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayofikia uzito wa kilo 70 au zaidi, na kiegemeo kinachoinama hupasua ukuta wa mfereji, jambo ambalo kulitengeneza ni kazi ya fundi kamili.

Mafundi wa karne ya 19, wakiwamo wa Ulaya na wa kampuni ya Martin iliyoanzishwa Marekani mwaka 1833, walitumia mfupa na pia pembe za ndovu. Pembe hizo zina historia chungu karibu kabisa na Juba, kwa maana Gondokoro, iliyoko ukingo wa mashariki wa mto, ilikuwa katikati ya karne hiyo kituo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na hali hiyo ndiyo aliyoikuta mpelelezi Samuel Baker alipofika hapo mwaka 1863. Mwaka 1989 nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo, na hakuna mpiga muziki anayepaswa kuzisikitikia, kwa kuwa mfupa wa ng'ombe hufanya kazi ile ile bila aibu yoyote. Viwanda vya leo hutengeneza pia viegemeo vya plastiki ngumu iliyobuniwa kuiga mfupa, na baadhi yake ni vizuri sana, lakini havipatikani kwa urahisi katika maduka ya Juba. Mfupa unapatikana. Nchi ya Wamundari, Wadinka na Wanuer ni nchi ya ng'ombe, na mabucha ya soko la Konyo Konyo hutupa kila siku kitu ambacho duka la vifaa vya magitaa ng'ambo hukikata, hukifunga na kukiuza kwa fedha za kigeni. Hilo ndilo jambo ambalo wapiga gitaa wa Hai Malakal wanapaswa kulichukua kwa uzito: malighafi bora ya kiegemeo iko mlangoni pao.

Mfupa unaofaa ni wa muundi au wa paja la ng'ombe mzima aliyekomaa, kwa sababu ukuta wake ni mnene na umeshikana, tofauti na mbavu au ncha za mifupa ambazo ndani yake ni sponji. Lazima utoke kwa mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa, kamwe usiokotwe kwenye mzoga, kwa kuwa bakteria wa kimeta huweza kuishi muda mrefu katika mabaki ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Nyama na uboho vikishaondolewa, mfupa huchemshwa polepole kwa muda mfupi, kiasi cha kulainisha mabaki tu. Mfupa mkavu una takribani theluthi mbili za madini, hasa ya kalisi na fosfati, na sehemu kubwa inayosalia ni kolajeni, ile protini inayoyashikamanisha madini hayo. Ukichemshwa mchana kutwa kolajeni hutoka, na kinachobaki huonekana kigumu lakini humeguka mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya klorini ya kufulia, ile inayoitwa jiki mitaani, haifai hata kidogo, ingawa huufanya mfupa uwe mweupe wa kupendeza, kwani huila kolajeni. Mafuta hutolewa kwa kuloweka mfupa siku kadhaa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, maji yakibadilishwa kila yanapochafuka, kisha mfupa huachwa ukauke kivulini kwa majuma, maana jua la Juba huupasua.

Baada ya hapo hukatwa kwa msumeno wa chuma kuwa kijiti kirefu kidogo kuliko mfereji, kipana kidogo na kirefu kidogo kwenda juu kuliko kinavyotakiwa. Msumeno na msasa hutoa vumbi laini lenye harufu ya jino linalotobolewa, na vumbi hilo halifai kuvutwa. Barakoa huvaliwa, na inapowezekana msasa husuguliwa ukiwa na maji.

Kabla ya kulegeza uzi hata mmoja, gitaa lenyewe huchunguzwa, kwa kuwa nyuzi zilizoinuka juu si lazima zitokane na kiegemeo. Huenda daraja limeanza kubanduka nyuma, na jambo hili ni la kawaida kwa gitaa lililoachwa ndani ya gari au chini ya bati mchana wa Februari, maana gundi hulainika kwa joto. Kipande cha karatasi kikipenya chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, kazi ya kiegemeo isimame hadi daraja libandikwe upya. Huenda pia shingo imepinda. Ili kuijua, uzi mnene hubonyezwa kwenye freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa pamoja, freti zikiwa ni zile fito za chuma zilizopandwa kwenye ubao wa vidole, na nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba hutazamwa: uwazi wa takribani milimita 0.2 ni wa kawaida, na ukiwa mkubwa zaidi shingo hunyooshwa kwanza kwa ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake, ikiwa gitaa linayo. Anayeruka hatua hii na kukata kiegemeo ili kuponya shingo iliyopinda atalazimika kutengeneza kiegemeo kingine siku shingo itakaponyooshwa.

Kisha kimo cha nyuzi hupimwa kwenye freti ya kumi na mbili, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi, kwa rula yenye milimita zinazoanzia ukingoni. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, kimo cha milimita 2.4 hivi kwa uzi mnene na 1.6 hadi 1.8 kwa uzi mwembamba huwaridhisha wengi. Gitaa la nyuzi za nailoni, ambazo hutikisika kwa upana zaidi, huhitaji karibu milimita 4 na 3. Freti ya kumi na mbili iko katikati ya urefu wa uzi, na kutokana na ukweli huo hutoka kanuni ambayo wengi huisahau na kuharibu kazi: kushusha uzi kwa kiasi fulani kwenye freti hiyo hudai kupunguza mara mbili ya kiasi hicho kwenye kiegemeo. Uzi ulioko milimita 3.2 ukitakiwa kuwa 2.4, tofauti ni 0.8, na kiegemeo hupunguzwa milimita 1.6. Ikiwa hesabu itaonyesha kwamba kiegemeo kitabaki kimechomoza chini ya milimita 3 hivi juu ya daraja, ni dalili kwamba pembe ya shingo ndiyo yenye kasoro, kwa maana uzi unaopita karibu ulale juu ya kiegemeo haukikandamizi vya kutosha, na sauti hudhoofika.

Nyuzi hulegezwa kidogo kidogo, zote kwa zamu, kisha kiegemeo cha zamani huvutwa juu kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, kwa kukitikisa kuelekea ncha zake, kamwe si mbele na nyuma, ili ukuta wa mfereji usipasuke. Kisitupwe, hata kama ni cha plastiki. Ndicho kielelezo cha urefu, cha mviringo wa juu na cha umbo la ncha, na mkato wake husema mengi kuhusu mahali nyuzi zilikuwa zikikaa.

Kazi inayofuata ni unene, na hapa ndipo haraka huadhibiwa. Msasa wa namba 120 hulazwa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ambacho ni bapa kuliko meza yoyote ya seremala, na kijiti cha mfupa husuguliwa juu yake kwa mistari mirefu, vidole vikikandamiza katikati na si kwenye ncha. Kila baada ya misuguo michache hugeuzwa na kujaribiwa kwenye mfereji, ambao kwa magitaa mengi ya nyuzi za chuma una upana wa milimita 2.4 au 3.2. Mwanzoni hakiingii kabisa. Baadaye ncha moja huzama nusu na nyingine hugoma, na alama za penseli zilizochorwa ubavuni huonyesha, kwa kufutika hapa na kubaki pale, sehemu iliyo nene. Kinapoingia kwa kusukumwa na kidole gumba peke yake, kikasimama wima bila kucheza, na gitaa likigeuzwa juu chini kisidondoke, unene umefika. Kinachohitaji nyundo kitaupasua mti, na kinachochezacheza kitainama.

Upande wa chini hunyooshwa ukawa bapa na wenye pembe mraba. Jambo hili lina uzito wa pekee makanisani, ambako magitaa mengi yana kinasa sauti chembamba kilicholazwa ndani ya mfereji, chini ya kiegemeo, kinachogeuza mkandamizo wa kila uzi kuwa mkondo wa umeme wa kupeleka kwenye spika. Pengo lisiloonekana kwa jicho kati ya mfupa na kinasa hicho hutosha kuufanya uzi mmoja upotee kwenye spika wakati mwenziwe unapiga kelele, na fundi mitambo wa ibada hulaumiwa kwa kosa la msasa. Mwangaza wa tochi ukipitishwa nyuma ya mfupa uliosimamishwa juu ya kioo huonyesha mapengo hayo mara moja.

Upande wa juu hufuata mviringo wa ubao wa vidole. Ubao wa gitaa la nyuzi za nailoni kwa kawaida ni bapa, lakini ule wa gitaa la nyuzi za chuma umepinda kidogo, kama sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha kati ya sentimita 30 na 41 hivi kutegemea kampuni. Mviringo wa kiegemeo cha zamani hunakiliwa kwa penseli, au hupatikana kwa kukata kadi ngumu hadi ilingane na freti za mwisho, kisha tupa hufuata mstari huo na kuacha masalio kidogo juu yake. Ukingo wa juu haubaki na upana wake wote. Huchongwa uwe mgongo wa mviringo, ili kila uzi uguse mstari mmoja tu, na mgongo huo husogezwa mbele au nyuma chini ya uzi kulingana na sauti. Uzi ukibonyezwa hukazika kidogo zaidi na noti hupanda, na ndiyo maana mfereji wa gitaa la nyuzi za chuma hukatwa kwa mshazari, nyuzi nene zikipewa urefu zaidi ya nyembamba. Kipimo ni sikio, au programu ya simu ya kupimia noti: uzi huguswa kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili na kupigwa ili utoe sauti yake nyembamba ya juu, kisha hubonyezwa kwenye freti hiyo hiyo na kupigwa tena. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ile ya kugusa, mgongo chini ya uzi huo hurudishwa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, hupelekwa mbele. Uzi wa pili kutoka chini, ule wa noti ya B, ndio unaosumbua zaidi, na kwenye viegemeo vingi huonekana umechongewa kidato chake peke yake nyuma ya wenzake.

Umbo la juu likishakubalika, kimo kinachosalia hupunguzwa kutoka chini, ambako msuguo wa kioo huhifadhi usawa, na hupunguzwa kwa awamu, nyuzi zikirudishwa na kupimwa kati ya awamu na awamu. Mfupa ulioondolewa haurudi. Mwishoni mgongo husuguliwa kwa msasa wa namba 600 na 1000, kisha kwa kitambaa chenye dawa ya meno, hadi uzi uteleze juu yake bila kukwama wakati wa kukaza. Mitindo ya kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, iliyopata umaarufu Afrika Mashariki na Kongo kupitia wapigaji kama Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, hunufaika na ulaini huo kuliko mitindo ya kukung'uta nyuzi zote, kwa sababu kila uzi husikika ukiwa peke yake na kasoro yake haina pa kujificha.

Kuna sababu moja zaidi ya kumfanya mpigaji wa Juba asiishie kwenye kiegemeo kimoja. Mvua za jiji hilo hunyesha zaidi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na miezi inayozitangulia ni ya ukavu na joto linaloweza kupita nyuzi 37 za Selsiasi. Mti wa gitaa hunyonya unyevu na kutanuka kukingama na nyuzinyuzi zake. Ubao wa mbele, ukiwa umezuiwa na fito zilizobandikwa ndani, hauna pa kutanukia isipokuwa kuvimba kwenda nje, na daraja hupanda nao, nyuzi zikawa juu na ngumu kubonyeza. Kiangazi kinapokausha mti, ubao huzama, nyuzi hushuka na kuanza kugonga freti. Magitaa hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55, kiasi ambacho nyumba ya Juba haiwezi kukishikilia mwaka mzima. Wapigaji wa nchi za baridi, ambao vipasha joto vya nyumbani hukausha hewa yao kila majira ya baridi, wana desturi ya kuwa na viegemeo viwili vya vimo tofauti, na desturi hiyo inaifaa Juba zaidi kuliko inavyozifaa nchi zenyewe zilizoianzisha, kwa kuwa mfupa wa cha pili haugharimu chochote na kielelezo tayari kipo.

Cha kiangazi hutengenezwa Februari, gitaa likiwa limekauka kabisa, na cha mvua hutengenezwa Agosti, kikiwa kifupi kwa nusu milimita hadi milimita moja kadiri ubao wa gitaa husika unavyovimba. Kila kimoja huandikwa majira yake kwa penseli ubavuni, mahali panapofichwa na mfereji, pamoja na alama ya upande wa uzi mnene, kwa sababu vikishapakwa uchafu wa mkoba vyote viwili hufanana. Kupimwa mara ya mwisho hufanyika baada ya siku kadhaa za kupiga, nyuzi zikiwa zimetulia. Na ikiwa bado nyuzi zinakwaruza zikipigwa wazi, lakini hutoa sauti safi zikibonyezwa popote, kiegemeo kisiguswe tena, kwa maana kasoro iko upande wa pili, kwenye kile kipande kidogo cha mwanzo wa shingo kinachozigawa nyuzi, ambacho nacho huweza kuchongwa kutokana na mfupa uliobaki.